Sahani Iliyorudi Safi

Wifi yangu anapika maharage mazuri kuliko mimi. Haya, nimesema. Imenichukua miaka kuandika sentensi hiyo, na hata sasa mkono unaniwasha niongeze kwamba wali wake ni bokoboko na kwamba chai yake haijui tangawizi. Lakini habari hii si ya wali wala ya chai. Ni ya maharage, ya mama yangu aliyekuwa akiyala, na yangu mimi niliyekuwa nikilinda mlango nijue amekula ya nani.

Kila mtu ana chakula kinachomrudishia moyo. Ndugu yangu akirudi kutoka kazini, mtaa wa Himbi, amenuna, mkaangie sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, umwekee na pilipili pembeni. Kabla hajafika nusu ya sahani atakuwa ameanza kusimulia vituko vya ofisini. Marehemu baba alikuwa mtu wa viazi vya kuchoma na jibini ya Masisi. Mama na mimi ni watu wa maharage: yaive mpaka yatoe mchuzi mzito yenyewe, yachanganywe na viazi na kitunguu, na mafuta ya mawese ya kutia rangi tu. Ukiwa na huzuni unayala polepole. Ukiwa na hasira unayala ya moto mpaka ulimi unaungua, na hasira yote inahamia ulimini.

Nguvu ya chakula hicho niliijua mlima wa moto ulio juu ya mji wetu wa Goma ulipotapika mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, na nyumba yetu ilikuwa katikati ya mji, mahali moto ulipopita ukielekea ziwani. Uliimeza nyumba, choo, na baiskeli ya baba iliyokuwa imefungwa kwa kufuli mlangoni. Tulitembea mpaka Sake pamoja na watu wengine wengi. Siku mbili tulikula biskuti na ndizi za kuombaomba, na baba hakusema neno. Siku ya tatu mama alipata maharage, sijui kwa nani, akaazima sufuria, akapika kwenye mawe matatu nyuma ya kanisa. Yalipoiva akaniita.

“Kuja uonje.”

Alinidondoshea mchuzi kiganjani, akaupuliza mwenyewe upoe, nikaulamba.

“Chumvi inafika?”

“Inafika, mama.”

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampakulia baba. Baba alikula, na alipomaliza akaanza kuhesabu kwa sauti mbao tutakazohitaji kujenga upya. Nyumba yetu ilikuwa chini ya jiwe la moto na mimi nilikuwa na furaha. Tangu siku ile kuonja kukawa kazi yangu. Ndugu yangu aliteka maji, mimi niliitwa jikoni kunyoosha kiganja, na sikutaka mtu mwingine aikaribie kazi hiyo.

Tulijenga upya katika mtaa wa Ndosho, nyumba ya mbao juu ya mawe meusi, na miaka ikaenda. Baba akafa. Mimi nikaolewa, nikakaa kwa mume miaka sita, sikupata mtoto, nikarudishwa na sanduku na godoro. Sitaeleza zaidi, waliowahi kurudishwa wanajua. Nilipokuwa huko, ndugu yangu alioa. Mkewe alitoka Kiwanja, upande wa Rutshuru, mwanamke mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Siku niliyorudi alinipokea sanduku, akanibandikia maji ya kuoga, nami nikamshukuru. Kisha, nikiwa bado nafungua kamba za godoro, nikamsikia mama anaita kutoka jikoni.

“Kuja uonje!”

Nilitoka mbio. Nilipofika mlangoni, kiganja cha wifi kilikuwa kimekwisha nyooshwa, na mama anakipuliza. Hapo ndipo wivu uliponiingia, na ulikuja na vyombo vyake vyote, ukahamia.

Kwa desturi wifi hakuwa na kosa. Kwetu mke wa mtoto wa kiume ndiye anayemlisha mama mkwe, na jiko ni lake. Binti aliyerudi hupewa chumba cha pembeni, kiti, na salamu nzuri, lakini jiko hapewi. Mimi nilikuwa na mbabula yangu ndogo, jiko la makaa tunayoyaita makala, nje ya chumba, ya kuchemshia chai, utadhani mpangaji. Tena mama alizaliwa kule kule Rutshuru, na wawili hao walichambua maharage wakiongea Kinyarwanda na kucheka. Mimi nimekulia mjini. Kinyarwanda nakisikia, ila hunifikia kimechelewa. Wakishamaliza kucheka ndipo nami naelewa, na kucheka peke yako baada ya wenzako ni aibu. Basi nilikaa kimya nikichambua vijiwe kutoka kwenye maharage yao, na kuvitupa kwa ukali ambao vijiwe havikustahili.

Mlima ulipotapika mara ya pili, moto haukufika kwetu. Lakini ardhi ilitetemeka siku nyingi mpaka barabara zikapasuka nyufa, na asubuhi moja ikatangazwa kwamba watu wahame mji. Mama alikuwa amekwisha acha kula. Tangu tetemeko la kwanza alikuwa akichukua kijiko kimoja, viwili, anasukuma sahani. Mimi nilijiandaa. Nilibeba karatasi za nyumba, redio, kitenge kizuri cha mama, mikate mitano na biskuti, na nilijiona mwenye akili kuliko Ndosho nzima. Wifi alibeba mtoto wake mchanga mgongoni, na kichwani sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

“Unabeba nini mule?” nikamwuliza.

“Maharagi. Niliyatia mu mayi jana. Ningeachia nani?”

Nilicheka kwa pua. Tulitembea mpaka Sake, barabara ile ile ya utoto wangu, imejaa watu na pikipiki na mbuzi na magodoro. Mama alinishika mkono njia nzima. Tulipofika kwenye uwanja walipotua waliohama nikampa mkate, akaushika tu. Nikampa biskuti, akaziweka mapajani, kuku wa wenyewe wakaja kuzitazama. Alikaa juu ya jiwe akiangalia upande wa Goma, na mimi nikaingiwa na hofu, maana uso ule niliuona kwa baba nyuma ya kanisa.

Wifi alitafuta mawe matatu, akawasha moto. Maharage yalikuwa yamekunywa maji usiku kucha, kwa hiyo yaliiva jua halijazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Hakumngoja mama aite. Alichukua kiganja cha mama, akamdondoshea mchuzi, akaupuliza.

“Mama, uonje. Chumvi inafika?”

Mama akalamba. Akamtazama, akatazama sufuria, akaanza kucheka mpaka mabega yakamtikisika.

“Batu bote banabeba godoro, huyu mutoto anabeba maharagi!”

Alikula sahani nzima na kuwasimulia majirani wote wa pale kwenye uwanja. Mimi nilikuwa nimekumbatia mikate yangu mitano. Nilifurahi kwamba mama amekula, hilo ni kweli. Na nilitamani sufuria ile ingalianguka njiani, hilo nalo ni kweli, na kati ya kweli hizo mbili sijui ipi ilikuwa kubwa siku hiyo.

Tuliporudi Ndosho, mama alianza kulalamika kichwa. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya mimi na wifi, kila mmoja amemshika mkono wake. Muuguzi, mama mnene mwenye haraka, alimfunga kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu mara mbili, akaguna.

“Tansio iko juu sana. Chumvi, kidogo kabisa. Ile vidonge ya muchuzi, hapana. Mafuta, kijiko tu. Lenga-lenga kila siku, na matunda, na atembee asubuhi. Na musimukasirishe.”

Wifi alisikia mashauri ya mgonjwa. Mimi nilisikia kwamba nimepewa cheo. Tulipofika nyumbani tu, nilichukua mkebe wa chumvi jikoni kwake nikaulaza chini ya mto wangu. Nilipekua takataka nikitafuta karatasi za vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Nilinunua lenga-lenga, ule mchicha wetu, mafungu matatu kwa siku, na maparachichi, na kila asubuhi nilimtembeza mama mpaka kwa mafundi wa milango ya chuma na kumrudisha, nikimkataza kusimama kuongea na watu. Mimi mwenyewe nilipotoka kwenye doria nilinunua mandazi ya moto kwa mama wa kona, nikayala nyuma ya choo, kwa kuwa upolisi unachosha.

Siku moja nilimfumania wifi. Alikuwa ameinamia sahani ya mama, na vidole vyake vitatu vilikuwa vinasuguana juu ya mchuzi, vikidondosha chumvi ya kuazima.

“Wifi! Unataka kumuua mama?”

“Ni kidogo tu, ya kumupa hamu. Infirmiyé alisema kidogo, hakusema hapana.”

“Miye niko mutoto wake. Weye uko muke ya ndugu yangu.”

Nilisema hivyo kwa sauti ya kusikika ua mzima. Alifuta vidole kwenye kitenge, akaniachia sahani. Ndugu yangu aliporudi nilimshitakia kila kitu, punje kwa punje. Alisikiliza akiwa amesimama, begi bado begani.

“Yee, muache vita. Vita iko ya kutosha huku inje. Saa sita muke yangu atapika. Mangaribi, weye.”

Nusu ya mama nikawa nimeipata. Usiku huo nilivisugua vyombo vyangu kwa majivu mpaka vikang’aa.

Na vita aliyoitaja ndugu yangu ilikuwa kweli: waasi walikuwa wamerudi, kama walivyorudi mara nyingi katika maisha yangu, na barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa. Mama mzazi wa wifi, aliyezoea kututumia gunia la maharage kwa pikipiki kutoka Kiwanja, alibaki ng’ambo ya mapigano. Simu yake ilishika siku moja, ikapotea kumi. Ndosho ikajaa watu waliokimbia vijijini. Makala, yaliyokuwa yakitoka huko huko, yakaanza kuuzwa kwa kopo. Na maharage makavu, hasa yaliyokaa ghalani, yanataka moto wa nusu siku.

Wifi alikuwa na mbinu ya kwao. Aliloweka maharage tangu jioni, asubuhi akamwaga maji yale, akayachemsha kwa nguvu muda si mrefu, kisha akaiondoa sufuria motoni, akaizungushia blanketi na masweta makuukuu, akaiingiza ndani ya katoni na kuifunika. Humo yalijiivia yenyewe polepole mpaka saa sita, bila kaa hata moja. Ilikuwa akili kubwa. Niliona kuwa ni akili kubwa siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo nilimcheka.

“Umevalisha sufuria sweta? Kesho utaipeleka ku masomo?”

“Kuja nikufundishe, wifi. Haiko nguvu, utajua mbio.”

“Nilijua kupika mbele weye uzaliwe.”

Hatupitani hata miaka miwili.

Kumwiga ningekufa kwanza. Nilikwenda sokoni nikanunua bikarbonate, ule unga mweupe, ndugu wa magadi, ambao wanawake wengi wa mji huu hutia kwenye sombe ili majani ya muhogo yalainike upesi. Nilitia kijiko kimoja kwenye maharage, na yalilegea kabla makala ya kwanza hayajawa majivu. Nilipiga makofi peke yangu. Bila chumvi, bila kidonge, mafuta kijiko, makala kidogo! Rangi yake ilififia ikawa ya kijivu kidogo, lakini nani hula rangi? Siku maharage yalipokuwa magumu zaidi niliongeza kijiko cha pili. Pakiti niliificha pamoja na mkebe wa chumvi chini ya mto, si kwa kuogopa kosa, bali ili wifi asijue siri yangu akaniiga.

Ndipo zikaanza zile sahani mbili. Saa sita wifi alipeleka yake, akaiweka mkekani mbele ya mama, akarudi kwenye shughuli zake. Jioni nilipeleka yangu. Mimi sikuondoka. Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya mama, mikono magotini, nikamtazama kijiko kwa kijiko. Akipunguza mwendo nilimwuliza kama ni baridi. Akinyamaza nilimwuliza kama ni tamu.

“Iko muzuri,” alisema mama, na kuendelea.

Sahani ya wifi ilirudi na mabaki. Wakati mwingine robo, wakati mwingine viazi viwili na maharage ya kuhesabika, na mtoto wa wifi akayamaliza. Yangu ilirudi safi. Kila jioni, bila kukosa, safi mpaka maua ya chini yalionekana. Sijui kama nimewahi kupata ushindi mwingine katika maisha yangu uliokuwa unang’aa namna ile. Kabla ya kuiosha nilipita nayo mlangoni kwa wifi, nikiiinamisha kidogo ili aone vizuri.

“Mama anakula muzuri mangaribi,” alisema wifi, na macho yake yalikuwa na furaha ya kweli. Hilo liliniudhi kuliko kama angenuna.

Kichwa cha mama hakikupona. Miguu ikaanza kumvimba, viatu vikakataa. Akawa anakunywa maji mengi, anaamka na kiu, anakaa kitandani akishika kisogo. Nilijua ni kwa nini. Ni zile punje za wifi, nilimwambia ndugu yangu. Vidole vitatu, niliviona kwa macho yangu. Nikaongeza doria, nikaongeza lenga-lenga, na kwa kuwa maharage ya sokoni yalizidi kuwa magumu kadiri vita ilivyozidi kukaa, vijiko viwili vikawa ndiyo kawaida.

Mama alianguka asubuhi moja akifunga kitenge. Nilisikia kishindo nikadhani ni tetemeko. Tulimkuta ameegemea ukuta, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala mapajani, na macho yake yanatutazama yakituomba radhi kwa usumbufu. Ndugu yangu alimkumbatia kwenye pikipiki kati yake na dereva, mimi na wifi tukafuata kwa pikipiki nyingine, tumebanana, na kwa mara ya kwanza nilimshika mtu yule kiunoni.

Hospitalini alitupokea daktari kijana aliyechoka. Vitanda vilikuwa vimejaa majeruhi, mama aliwekwa godoro sakafuni. Walipokwisha kumtundikia dripu, daktari alituuliza anakula nini. Wifi alifungua mdomo, mimi nikamwahi.

“Maharagi na lenga-lenga, dokta. Bila chumvi. Hata punje moja. Ya mangaribi napikaka miye mwenyewe.”

“Muzuri.” Akaandika. “Na hii bei ya makala ya siku hizi, maharagi unaivishaka na nini?”

Nilijivuna. Ndiyo, mbele ya mama yangu aliyelala mdomo upande, nilijivuna, kwa kuwa hatimaye kulikuwa na mtu msomi wa kuisifu akili yangu mbele ya wifi.

“Naweka bikarbonate. Inaiva mbio.”

Kalamu ikasimama.

“Ngapi?”

“Kijiko. Siku zingine mbili.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

Daktari alijisugua macho kwa vidole viwili. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

“Mama, ile nayo ni chumvi. Mwili haiulizake ilitoka mu mukebe gani. Siseme ni ile tu ilimuangusha, tansio ilikuwa ya zamani. Lakini ile haikumusaidia.”

Nilisimama pale. Nilisubiri wifi anigeukie. Alikuwa na haki ya kusema yote: mkebe chini ya mto, ua mzima kusikia, zile sahani nilizompitishia mlangoni. Nilikuwa nimekwisha jiandalia majibu. Yeye aliinama, akachukua kitenge chake cha kujifunika, akakikunja mara nne, akakiweka chini ya kichwa cha mama. Kisha akaniambia nikae, nisije nikaanguka mimi pia. Nilimchukia kwa wema ule, na nilijichukia mwenyewe zaidi, na nililia kwa vyote viwili huku watu wakidhani namlilia mama tu.

Mama hakufa. Wiki zikapita, tukamrudisha Ndosho. Mdomo ulirudi karibu na mahali pake, maneno yakarudi moja moja, mkono wa kulia haukurudi. Kuanzia hapo ilikuwa lazima alishwe. Nilirudisha mkebe wa chumvi jikoni kwa wifi. Ile pakiti nyeupe niliimwaga chooni. Na niliacha kupika. Siku nne mbabula yangu haikuwaka. Nilikunywa maji na kula mandazi ya kona, na safari hii hayakunifurahisha.

Siku ya tano, kabla ya saa sita, wifi alikuja kusimama mlangoni kwangu na mwiko mkononi. Alikuwa ameukinga chini kwa kiganja kingine ili usidondoke.

“Wifi, kuja uonje.”

Nilidhani ananidhihaki. Nilimtazama uso mzima, nikatafuta dhihaka, sikuiona. Nikanyoosha kiganja. Akadondosha mchuzi, akaupuliza.

“Chumvi inafika?”

Ilikuwa ndogo sana, unaisikia mwishoni kabisa, ulimi ukishakata tamaa. Maharage yenyewe yalikuwa yameiva mpaka ndani na halikupasuka hata moja. Yalikuwa matamu kiasi kwamba niliyaonea wivu yakiwa mkononi mwangu.

“Inafika,” nikasema.

“Basi tumulishe wote wawili,” alisema. “Mama yangu iko Kiwanja. Sijue nani anamulisha.”

Alisema kwa ile sauti yake ndogo, akageuka na mwiko wake. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nimesikia simu yake ikipigwa na kukatika upande wa pili wa ukuta wa mbao, na sikuwa nimemwuliza hata siku moja habari za mama yake. Nilikuwa nimeshughulika na sahani.

Nilimfuata jikoni. Alinionyesha jinsi ya kufunga sufuria: blanketi kwanza, sweta juu, fundo upande wa kifuniko, katoni. Moja ya masweta yale lilikuwa langu, la shule, ambalo nilidhani limepotea kwenye moto wa kwanza. Mama ndiye aliyekuwa amelihifadhi miaka yote, na yeye ndiye aliyempa wifi. Roho iliniuma, nikafunga fundo.

Saa sita alinipakulia sahani, akanipa niipeleke mimi. Mama alikuwa ameegemezwa mito. Nilikaa kwenye kiti kile kile cha jioni, nikapuliza kijiko, nikamtia mdomoni. Alitafuna kwa upande mmoja, taratibu, akameza.

“Nani alipika?” akauliza.

Nilikuwa na kila sababu ya kusema kweli. Daktari alikuwa amesema, wifi alikuwa amenifunza, na Mungu alikuwa anaona. Lakini mama alikuwa ananitazama, na kinywa chake kilikuwa kinasubiri kingine, na nilitaka mara moja tu utamu ule uwe wangu.

“Ni miye,” nikasema.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Wifi alikuwa mlangoni na jagi la maji. Alikuwa amesikia. Masikio yangu yakawaka moto, nikangoja.

“Ni yeye, mama,” wifi akasema, akaweka jagi chini, akatoka.

Hata hapo nilimwonea wivu, kwa kuwa mimi nisingeweza kusema hivyo. Nilijaribu kujiona nikiyasema maneno yale kwa ajili yake, wala sikuweza kujiona.

Mama alitafuna kijiko cha pili, na cha tatu. Kisha akasema, neno kwa neno, kwa ule ulimi wake mzito:

“Leo haina sabuni.”

“Sabuni gani, mama?”

“Ile yako ya mangaribi. Ilikuwa inanukaka sabuni.”

Nilikumbuka bikarbonate, vijiko viwili, ile rangi ya kijivu. Niliyaonja mara ngapi mimi mwenyewe? Sikuyaonja. Tangu nipewe jioni zile sikuwahi kuonja hata siku moja. Nilikuwa naangalia sahani tu.

“Sasa juu ya nini ulikuwa unamaliza yote?”

Mama alitaka kuinua mkono wa kulia, akasahau kwamba hauinuki, akautumia wa kushoto kunigusa goti.

“Ulikuwa unaniangalia,” akasema.

Nilichota kijiko kingine. Nilikipuliza, nikakipeleka, na safari hii niligeuza uso wangu nikautazama ukuta wa mbao, pale mbao mbili zisipokutana na mwanga wa ua unapita. Nikakiacha kijiko hewani mbele yake bila kumwangalia. Kilikaa pale muda mrefu. Hakufungua mdomo. Alikuwa ameshiba.